Kessler Walifungwa na Nani?

Aliyebandika ile selotepu nyeusi kwenye kaburi la kaka yangu alikuwa na mkono mzuri. Nampa haki yake. Aliikata sawasawa, akaipitisha juu ya tarakimu bila kugusa jina wala tarehe, kisha akailainisha kwa kidole mpaka ikashika. Ukisimama mbali ulisoma ROYCE HAUGEN, MUME, KAKA, KORONGO MPAKA MWISHO, halafu chini yake pengo jeusi, kama mdomo uliong'olewa jino.

Korongo ni timu yetu ya chuo, na chini ya selotepu kuna matokeo: 20 kwa 17. Ndiyo, tulichonga matokeo ya mechi ya mpira wa Kimarekani kwenye kaburi. Ukitaka kucheka, panga foleni, wenzako wametangulia. Hapa Dunmore kuna mtu alizikwa na kipande cha nyasi za uwanja, na mchungaji akasoma ibada yote bila hata kukohoa.

"Ni Kessler hawa," nikasema. "Wameingia mjini mapema kwa ajili ya mechi ya kesho."

Wifi yangu Ardith, mjane wa Royce, alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyoganda, anaibandua kwa ukucha. Alikuwa amevua glavu.

"Au ni mtu wa hapa hapa," akasema.

"Wa hapa nani afanye ushenzi huu?"

"Anayeona haya, Nadine. Chuo chenyewe si kimeteremsha bendera?"

Bendera ya ushindi wa ule msimu aliokufa Royce ilikuwa imeteremshwa kweli. Ukutani pale uwanjani palibaki mraba wa matofali safi, na kila anayepita huutazama kisha akajifanya anatafuta funguo.

Ardith aliifinyanga ile selotepu ikawa kidonge, akakitia mfukoni mwa koti. Koti lenyewe lilikuwa la Royce, zito, la rangi ya chungwa, na Ardith hakuwahi kulivaa. Hulibeba mkononi, kama mtu aliyeshika nguo za mwenzake anayeoga.

Royce alifia uwanjani, kwenye kiti chake jukwaani, siku tuliyocheza na Kessler, watani wetu wa jadi. Zilibaki sekunde tu. Tunaongoza 20 kwa 17, na wao wamefika mlangoni kwetu. Wakivuka mstari na mpira, habari imekwisha. Watu wameshika pumzi. Royce akasimama, akazungushia mdomo viganja, akapiga ukelele: "Kulia! Wanapita kulia!"

Wakapita kulia. Vijana wetu walikuwa wameshajaa pale, wanawasubiri kama wenye nyumba. Tuliruka, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Mimi nilimbusu daktari wa meno ambaye tulikuwa hatusalimiani. Tulipotulia, Royce alikuwa amekaa, ameegemea nyuma, anatabasamu. Tukamwacha afaidi. Tukamwacha muda mrefu mno.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Sisi tulisema ni furaha, na ndiyo tukaichonga kwenye jiwe.

Tangu hapo Ardith huja na koti na kulitandaza kwenye kiti kile, kati yangu na yeye. Mechi ikifika ukingoni, adui akisogea mlangoni, safu zote za upande wetu hugeukia kiti na kuita: "Royce! Wapi?" Ni utani. Lakini ni utani ambao wanaume wazima huufanya wakiwa wamevua kofia.

Halafu mwaka huu, majira ya joto, kashfa ikatoka. Kumbe makocha wetu walikuwa wakituma watu kwenye viwanja vya wapinzani kabla ya mechi. Wanakaa jukwaani na simu kama mashabiki wengine, wanarekodi wale wasaidizi wa pembeni wanaopunga mikono kuwaambia wachezaji wafanye nini. Filamu zinarudi Dunmore, zinasomwa, na siku ya mechi vijana wetu wanajua mpira unakwenda wapi kabla mwenyewe hajaushika. Watu waliotumwa walipewa tiketi za bure. Majina hayakutajwa. Chama cha michezo ya vyuo kikafuta ushindi wetu wote wa ule msimu.

Na walivyofuta sasa! Hawakusema tulifungwa. Walisema hatukushinda. Kessler wamebakiwa na kipigo chao kwenye kumbukumbu, ila aliyewapiga hayupo.

Asubuhi ya mechi, eneo la maegesho, ambako mashabiki huchoma na kula kabla ya mechi, lilikuwa limejaa moshi wa soseji kama kawaida. Mkuu wetu pale ni Dale, mwenye lori la rangi ya chungwa na jiko ambalo analipenda kuliko wanawe. Mwaka huu palikuwa na matanga na harusi kwa pamoja. Jirani yetu mmoja alikuja na jezi aliyoigeuza ndani nje. Mwingine alikuwa ameshona fulana yenye jicho kubwa kifuani na maneno TULIWAONA. Bibi mmoja wa kanisani, ambaye sijawahi kumsikia akitukana, alisimama karibu na mchuzi wa maharage na kumtukana kocha wa zamani mpaka tukamletea kiti.

"Kila chuo kinaiba," Dale alikuwa akisema, akigeuza soseji. "Sisi kosa letu tumekamatwa."

"Ndivyo alivyosema mume wangu wa kwanza," nikamwambia. "Na wa pili."

Hapo ndipo sauti ikaja kutoka upande wa barabara:

"Hodi hapa kwa wezi!"

Alikuwa Gus, mdogo wake Ardith. Alioa kule Kessler, akabadili dini kabisa. Amevaa kijani kuanzia juu mpaka chini, kichwani ana pembe za plastiki, maana timu yao ni Mabeberu, na shingoni amejining'iniza darubini ya kuwindia.

"Karibu, mbuzi," Dale akamjibu, akielekeza koleo kwenye jiko. "Moto uko tayari."

"Ficheni saa zenu, oh, samahani. Mimi ndiye nifiche yangu." Akamkumbatia dada yake, akanigeukia. "Shemeji Nadine, bado hujapata wa tatu?"

"Nakusubiri ufiwe, shemeji."

Watu wakacheka, na kwa dakika chache maegesho yakawa kama zamani. Gus akapewa soseji, akala, akapanda juu ya kreti la bia.

"Jamani, nina swali moja tu la kisheria," akasema. "Ile mechi, sisi tulifungwa na nani?"

"Na sisi!" wakaitika.

"Nyie? Nyie hamkushinda. Chama kimesema. Lakini sisi kipigo chetu kipo, hakikufutwa, nimehakikisha. Sasa niambieni. Mimi siku ile nililia ndani ya gari, mtu mzima, mke wangu ananipigapiga mgongoni. Nililizwa na nani? Na mzimu?"

Walicheka wote, kisha wakakumbuka koti. Ardith alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, amelilaza mapajani. Kicheko kikazima kidogo kidogo, kila mmoja akiangalia sahani yake.

"Lakini na leo muangalie vizuri," Gus akaendelea kwa haraka, akitaka kuokoa mambo. "Kocha wetu amerudisha ishara zile zile za zamani. Makusudi! Anataka azipunge mbele ya macho yenu, mkae mnazitazama kama mbwa nje ya bucha. Redio ya kwetu wiki nzima hawana stori nyingine."

"Kusoma ishara siyo kosa," Dale akasema. Uso ulikuwa umeshaanza kumwiva. "Kosa ni kutuma watu na simu. Ukikaa hapo uwanjani ukasoma kwa macho yako, macho kakupa Mungu. Royce alisoma kwa macho yake. Pale pale. Hakuhitaji simu."

"Simu alikuwa nayo," Gus akasema.

Sidhani kama alipanga. Utani ulikuwa umemchukua, ulimi ukawa mbele yake.

"Alikuwa nayo wapi?" Ardith akauliza.

"Ah, dada, mimi natania."

"Gus."

Gus akashuka kwenye kreti. "Si alipokuja kwangu wiki chache kabla ya mechi ile? Tulikwenda naye kuangalia mechi yetu. Alikuwa na tiketi yake. Akaishika simu juu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia, shemeji, weka simu chini, ule soseji yako, inapoa. Nikadhani anampiga picha yule binti wa bendi mwenye tarumbeta kubwa."

"Mimi aliniambia anakwenda kukusaidia kuezeka banda."

"Banda gani?" akauliza Gus.

Soseji zilikuwa zinaungua na Dale hakuzigusa.

Ardith akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa simu ya Royce. Nilijua ipo. Hospitali walimkabidhi pamoja na pete, akairudisha mahali ambapo Royce alikuwa akiiweka, na hakuwahi kuichaji. Nilishawahi kumuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba kuna sauti humo ndani, na ukiisikia sauti ni lazima uizike tena.

"Dale," akasema, "gari lako lina chaja?"

Tuliingia wawili kwenye lori, tukafunga vioo. Nje watu walisimama wakijifanya hawatuangalii; Gus alikuwa amevua pembe, amezishika kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Simu ilichukua muda wake kufufuka. Ikawaka. Ardith akaingiza tarakimu za siri bila kufikiri, siku ya ndoa yao, akaanza kutafuta kwa kidole.

Filamu ilikuwepo. Jukwaa la kijani, kelele za Kessler, na kule chini mtu wa kizibao cha njano anapungapunga mikono. Kisha nikamsikia kaka yangu akikohoa.

Hakuna anayekuandaa kwa kikohozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa jina langu, kwa kicheko chake, hata kwa kuimba kwake kubaya. Si kwa kile kikohozi kifupi cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema uongo mdogo mezani.

"Haya," sauti ya Royce ikanong'ona. "Mwenye njano. Anashika kofia, huo ni upuuzi. Sasa anapangusa bega. La kushoto. Ngoja." Uwanja ukanguruma. "Kulia! Umeona? Akipangusa bega la kushoto, wanapita kulia. Kila mara. Mjinga huyu." Akacheka peke yake, chini kwa chini, kama mtoto aliyepata ufunguo wa kabati la peremende. Akakohoa tena. "Ardith akijua niko huku atanichinja. Nitamwambia. Tukiwapiga hawa, siku hiyo hiyo namwambia, atacheka tu."

Filamu ikaisha. Ikaanza tena yenyewe. Kikohozi, kofia, bega, kulia.

Nilitafuta neno. Nililolipata ni hili: "Angalau hakukuwa na binti wa tarumbeta."

Ardith akacheka. Alicheka kweli, mpaka akaegemea usukani, halafu kicheko kikageuka katikati ya koo na hakikuwa kicheko tena.

"Alinivuta mkono," akasema. "Siku ile. Mnaruka wote, mimi nimemkumbatia sijui nani. Akanivuta mkono huu. Nikamwambia ngoja, Royce."

Nje Dale alianza kufunika jiko. Muda wa kuingia ulikuwa umefika.

"Hatuna lazima ya kuingia," nikasema.

"Nimemwekea kiti msimu mzima," akajibu. "Nitakwenda kukaa naye."

Akalikunja koti, simu ndani bila kuizima, akateremka.

Sitakuchosha na mechi. Ilikuwa mbaya kama meza ya ndugu wanaodaiana msamaha. Vijana wetu wapya walicheza vizuri, na kila wakifanya jambo zuri upande wa Kessler uliimba, "Nani kawaambia? Nani kawaambia?" Sisi hatukuimba kitu. Theluji nyepesi ilianza kuanguka ikawa inatua kwenye mabega ya koti pale kitini, na Ardith akawa anaipangusa. Bega la kulia. Bega la kushoto. Nilimtazama mkono, nikageuza macho.

Na mechi ikafika pale pale. Naapa sikuitengeneza. Tunaongoza kwa pointi chache, muda unakatika, na Kessler wamefika mlangoni, upande wetu, chini kabisa ya safu yetu. Ni kama mtu alikuwa amelirudisha lile onyesho na kubadilisha wachezaji tu.

Tangu kashfa itoke hakuna aliyethubutu kuliita lile jina. Nikadhani tutapita hivyo hivyo. Kisha nyuma yetu mlevi mmoja, kwa sauti ya mtu anayepapasa ukuta gizani, akaita:

"Royce? Wapi?"

Mwingine akaitikia. Kisha safu. Kisha upande mzima, kofia mkononi, wanaliita jina la kaka yangu wakilielekea koti lenye theluji, na haikuwa utani hata kidogo. Walikuwa wanaomba. Walitaka arudi aseme mara moja tena, kwa macho yake, mbele ya watu wote, ili ile ya kwanza nayo iwe safi. Hata kijana wetu wa ulinzi aliyekuwa karibu nasi aligeuza kofia yake ya chuma, akatuangalia.

Kule ng'ambo, mtu wa kizibao cha njano alishika kofia. Kisha akapangusa bega la kushoto.

Niliona. Ardith aliona. Kati ya maelfu ya upande wetu tulikuwa wawili tu tuliojua, na kijana yule alikuwa bado anatutazama, na angesikia. Ardith aliinuka nusu. Mdomo wake ukafunguka.

Ndipo sauti ikasema, "Kulia."

Ilikuwa chini, kati yetu, pale penye koti. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha matairi nusu ya maisha yangu, mashine zimenichosha masikio, na nimeshasikia mengi ambayo hayakusemwa. Hili lilisemwa. Mkono wa koti ulikuwa umeteleza kutoka kwenye kiti ukaangukia pajani kwa Ardith.

Ardith akauangalia. Akaweka kiganja juu ya koti, kifuani hasa, akalikandamiza taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Nyamaza, Royce," akasema.

Akakaa.

Kijana wetu akageuka akaenda kushoto. Kessler wakapita kulia, hakuna aliyewagusa.

Sauti ya uwanja unaofungwa nyumbani huijui mpaka uisikie. Ni kama ghala linalotolewa hewa. Ng'ambo walikuwa wanarukaruka. Kwetu watu walivaa kofia zao wakaanza kuondoka bila kuangaliana, na kila aliyepita mbele yetu aliligusa koti kidogo kwa ncha za vidole, kwa aibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Tulibaki mpaka safu zikawa tupu. Ardith akasimama, akalikung'uta koti theluji, akalivaa. Mikono ilimzidi, ikamfunika vidole. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliona kile kiti jinsi kilivyo: ubao, namba, na msumari mmoja uliolegea.

Gus alikuwa anatusubiri kwenye lori. Hakuwa na pembe wala darubini. Nilimwandalia tusi moja zuri njiani, nikalimeza.

"Dada," akasema. "Pole."

"Pole ya nini? Mmeshinda."

"Hapana, nasema ile ya asubuhi."

"Tumefungwa na nani, Gus?"

Akanitazama mimi, akidhani ni mtego. "Na Kessler," akasema. "Na sisi."

"Na kesho kutwa?"

"Bado na sisi."

"Vizuri," akasema Ardith. "Hii imetokea."

Alitoa mfukoni kile kidonge cha selotepu, akakitupa kwenye makaa ya Dale. Kikanuka, kikaisha. Nimepita kaburini juzi, tarakimu zipo wazi, na mtu ameweka soseji.

Tukaanza kutembea kuelekea gari langu, sisi watatu. Theluji ilikuwa imeshafunika nyayo za waliotangulia. Ndani ya koti, karibu na moyo wa wifi yangu, kaka yangu akakohoa.

Gus alisimama ghafla. "Mmesikia?"

Ardith aliingiza mkono mfukoni. Nilidhani anaizima. Aliishikilia tu, akaendelea kutembea, na Royce akanong'ona humo ndani ya kitambaa kuhusu kofia, kuhusu bega, kwamba atamwambia siku hiyo hiyo, mpaka chaji ikakatika.